Turbo kwenye injini ndogo: Kazi huanzia ndani, si juu ya boneti

MALORI yanayotoka bandari ya Kilindini hupanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, yakiwa yamebeba makontena mazito. Mluzi unaosikika dereva anapokanyaga mafuta ni sauti ya turbo, kifaa ambacho baadhi ya wenye magari madogo ya petroli kisiwani Mombasa nao hutamani kukifunga.

Tamaa hiyo inaeleweka, kwa kuwa turbo huipa injini ndogo nguvu za injini kubwa. Hata hivyo, kifaa kinacholisaidia lori la dizeli kwa miaka mingi kinaweza kuiua injini ya petroli isiyoandaliwa katika safari moja tu, na akiba yote ya mwenye gari ikateketea nayo.

Turbo ina magurudumu mawili ya mapanga yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu la kwanza. La pili huvuta hewa safi, huibana na kuisukuma ndani ya silinda. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa inapokuwa nyingi, mafuta mengi zaidi huungua, na nguvu huongezeka bila injini kupanuliwa.

Wazo hilo ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Magari ya abiria ya petroli yenye turbo yalianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1962, na tangu hapo tatizo kubwa lilijulikana. Mojawapo, Oldsmobile Jetfire, lilihitaji kutiliwa kimiminika chenye maji na alkoholi ili mwako ndani ya silinda usiharibu injini.

Tatizo hilo linatokana na tofauti kati ya dizeli na petroli. Injini ya dizeli hubana hewa tupu, kisha mafuta hunyunyizwa mwishoni. Katika injini ya kawaida ya petroli, hewa na mafuta hubanwa pamoja, halafu cheche ya plagi huwasha mchanganyiko huo.

Joto na mbano vikizidi, sehemu ya mchanganyiko hujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini husikika ikigonga, mfano wa kokoto ndani ya kopo. Mgongano huo ukiendelea, ringi huvunjika, gasketi huungua na pistoni hutoboka.

Joto la Mombasa huzidisha hatari hiyo. Hewa yenye nyuzi 32 ikibanwa na turbo ndogo hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kawaida, inaweza kutoka ikiwa na nyuzi zipatazo 85. Ndiyo maana kipoza hewa, kinachowekwa kati ya turbo na injini, si pambo bali ni sehemu ya lazima.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni tofauti ya mwinuko. Nairobi, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la pwani. Turbo iliyorekebishwa huko iongeze kiasi fulani cha shinikizo juu ya lile la nje, ikifika Mombasa huongeza kiasi hicho hicho juu ya hewa iliyo nzito zaidi. Kwa hiyo silinda hupokea mzigo mkubwa kuliko uliopimwa, na gari lililokuwa salama bara linaweza kuanza kugonga likiteremka pwani.

Namna ya kuandaa injini ndogo inaonekana katika kazi ya watengenezaji wenyewe. Toyota Starlet, gari dogo linalofahamika sana nchini Kenya, liliuzwa Japani katika miaka ya 1990 likiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,331 katika matoleo mawili. Toleo la turbo lilikuwa na nguvu za farasi 135, ilhali lile la kawaida la mwishoni mwa muongo huo lilikuwa na 85.

Kampuni hiyo haikufunga turbo juu ya injini ile ile na kuishia hapo. Uwiano wa mbano uliteremshwa chini ya 9 kwa 1, ilhali katika toleo la kawaida ulizidi 9. Kipoza hewa kiliwekwa, na mfumo wa mafuta pamoja na kompyuta ya injini vikalinganishwa na mzigo mpya. Isitoshe, magari ya aina hiyo yalitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake hukaribia 100. Anayetumia petroli yenye oktani ndogo zaidi hana budi kupunguza shinikizo la turbo na kuchelewesha cheche.

Anayetaka kuanza na injini ya kawaida hana budi kufuata njia hiyo hiyo, na hatua ya kwanza ni uchunguzi. Fundi hupima mbano wa kila silinda na kiasi cha hewa inayovuja. Injini iliyochoka haifai kuongezewa mzigo kabla ya kufanyiwa ukarabati.

Hatua ya pili ni kuifungua. Pistoni za kawaida, ambazo hutengenezwa kwa kumimina madini katika kalibu, hubadilishwa kwa zile zilizofuliwa kwa mgandamizo, ambazo hustahimili joto na kishindo zaidi. Konrodi imara, beringi mpya na gasketi ya tabaka za chuma hufuata. Mwanya wa ringi huongezwa kidogo, kwa kuwa chuma hutanuka kinapopata joto. Ukiwa mdogo mno, ncha za ringi hugusana na kuvunja pistoni.

Hatua ya tatu ni mafuta na oili. Mwako kamili wa petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta, lakini injini yenye turbo ikifanya kazi kwa nguvu hulishwa karibu gramu moja kwa kila 12 za hewa, ili mafuta ya ziada yapoze mwako. Pampu na nozeli za zamani mara nyingi hazitoshi. Aidha, turbo huhitaji oili safi muda wote, na bomba la kuirudisha lazima literemke bila kizuizi. Baada ya mwendo wa kasi, injini iachwe iungurume taratibu kwa muda mfupi kabla ya kuzimwa, ili oili isiungulie ndani ya turbo.

Hatua ya nne ni upoozaji. Maji ya visima vingi vya kisiwa cha Mombasa yana chumvichumvi, na yakitiwa kwenye rejeta huacha ukoko na kula madini. Injini ya turbo yafaa itumie maji yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Foleni ya feri ya Likoni nayo ni mtihani, kwani gari limesimama, hakuna upepo, na joto la turbo hubaki chini ya boneti. Feni imara na kinga ya joto ni muhimu kuliko bomba la moshi lenye kishindo.

Shinikizo la turbo huongezwa mwisho, kidogo kidogo, huku mtaalamu akisoma vipimo vya mafuta na cheche kwenye kompyuta. Anayeanza na hatua hii ndiye anayerudi nyumbani akivutwa kwa kamba.

Nguvu mpya pia hudai breki, klachi na matairi ya kuilingana. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako watoto hutoka mlangoni moja kwa moja hadi njiani, hakuna mahali pa kuzitumia nguvu za farasi 135. Mwenye gari aijulishe pia kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko hayo, kwani kuyaficha kunaweza kumnyima fidia. Akibadilisha injini nzima, Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ijulishwe ili kumbukumbu za gari zirekebishwe.

Kwa wengi, hesabu hizo zitaonyesha kuwa ni nafuu kununua gari lililotoka kiwandani likiwa na turbo. Kwa anayeshikilia kujenga lake, wahenga walikwisha kusema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika injini mvungu huo ndiko ziliko pistoni, konrodi na beringi.