Babu alishinda kesi, lakini hukumu iko wapi?

Jamaa mmoja wa mtaani kwetu alinifuata baada ya swala ya alasiri, uso umemshuka. Mtu asiyemjua alikuwa amekuja na waraka unaosema kiwanja walichozaliwa yeye na ndugu zake ni chake. "Lakini babu alishinda kesi ya kiwanja hiki. Sote twajua," akaniambia.

Nikamuuliza, "Hukumu iko wapi?" Akanyamaza. Kwa zaidi ya miaka hamsini ukoo mzima umeishi juu ya hukumu ambayo hakuna hata mmoja wao aliye na nakala yake.

Kisa hiki si chake peke yake. Hapa Mwambao mambo yetu mengi yamepita mahakamani. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi yasikizwe na kuandikwa, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Mirathi, ndoa na talaka zikaamuliwa na Kadhi. Kwa hivyo majibu ya ugomvi mwingi wa leo yamo ndani ya majalada ya zamani. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui jinsi ya kuyapata, na tukienda twaishia kumpa pesa kijana wa nje ya lango anayesema "mimi najuana na karani."

Kupata nakala ni haki, na njia yake haina siri.

Kwanza, tafuta nambari ya kesi. Hiyo ndiyo ufunguo. Mahakama haipangi majalada kwa jina la babu yako, yapanga kwa aina ya kesi, nambari na mwaka. Fungua sanduku la bibi utafute risiti, samansi au barua ya wakili. Karatasi ndogo iliyochakaa yaweza kuwa na nambari nzima pembeni.

Ukikosa nambari, kusanya vitu vitatu: mahakama iliyosikiza kesi, mwaka au miaka ya kukadiria, na majina ya pande zote mbili. Masijala huwa na daftari za kesi za kila mwaka, na jina laweza kutafutwa humo. Lakini jihadhari na majina yetu. Karani wa zamani aliandika alivyosikia. Mohamed yaweza kuwa Muhammad au Mahomed, Athman ikawa Osman. Mtu aliyejulikana mtaani kwa lakabu, mahakamani aliandikwa jina lake, bin fulani. Mama zetu waliandikwa kwa binti, si kwa jina la mume. Na kama mzee akumbuka mwaka wa Kiislamu, ubadilishe kwanza uwe wa miladi. Nenda na orodha ya maandishi yote unayoyadhania.

Pili, anza pale kesi ilipoamuliwa. Usikimbilie Nairobi. Andika barua kwa masijala ya mahakama hiyo. Kwa Mahakama Kuu mwandikie Naibu Msajili. Kwa kesi ya mirathi au talaka, nenda mahakama ya Kadhi iliyosikiza. Taja nambari ya kesi, majina ya pande zote, mwaka, uhusiano wako na kesi hiyo, na karatasi hasa unayoitaka. "Nataka faili" haitoshi. Sema wataka hukumu, au amri ya mahakama, au mwenendo mzima wa kesi. Ambatisha nakala ya kitambulisho, na kama mwenye kesi ameshafariki, nakala ya cheti cha kifo na chochote kinachoonyesha wewe ni nani kwake. Nenda na barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokewa, urudi nayo nyumbani.

Fahamu pia kwamba si kila jalada hufunguliwa kwa kila mtu. Kesi za watoto, kwa mfano, zalindwa.

Tatu, omba nakala iliyothibitishwa. Fotokopi ya kawaida yakusaidia kusoma tu. Nakala iliyothibitishwa ina muhuri na sahihi ya afisa anayetunza jalada, akisema ni nakala ya kweli. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, yaikubali mahakamani kama ushahidi wa kilichomo katika waraka wa umma. Lipa ada kwa njia rasmi na udai risiti.

Nne, ukiambiwa jalada limehamishwa, uliza limepelekwa wapi na lini, na uombe jibu hilo kwa maandishi. Nyaraka za zamani za serikali hutunzwa na Makavazi ya Kitaifa, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Makao yake ni lile jengo la Moi Avenue, Nairobi, na yana kituo Mombasa pia. Kwa kawaida nyaraka zilizofikisha miaka 30 hufunguliwa kwa umma. Huko utajiandikisha kama msomaji, utafute katika orodha zao, uletewe jalada ulisome hapo hapo, kisha uombe nakala. Kabla hujapanda basi au treni, wasiliana nao kwanza uwape maelezo yako.

Sasa nifikie jambo linalonikosesha usingizi. Sheria yaruhusu majalada ya zamani ya mahakama kuteketezwa. Mara kwa mara mahakama hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba, baada ya miezi mitatu, itaomba ruhusa ya Jaji Mkuu kuharibu majalada ya miaka fulani. Orodha kamili hupatikana katika masijala ya mahakama hiyo, na mwenye kutaka kurudishiwa kielelezo chake hupewa muda huo kukidai. Nani kati yetu husoma Gazeti Rasmi? Hatimiliki halisi ambayo babu aliitoa kama kielelezo yaweza kuwa humo. Miezi mitatu ikipita, huna wa kumlaumu.

Na ukizungushwa, "njoo kesho" ya kila siku? Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia. Kuwasilisha ombi hakuna ada, na malipo ya nakala hayafai kuzidi gharama ya kuzitoa. Jibu latakiwa ndani ya siku 21, na ofisi yaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, kama habari ni nyingi. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo Ombudsman, ndani ya siku 30. Hapo ndipo ile barua yako yenye muhuri itakapokufaa.

Yule jamaa yetu? Shangazi yake, mtu mzima wa miaka zaidi ya themanini, alikuwa na risiti ya wakili ndani ya kopo la biskuti. Nambari ilikuwamo. Jalada likapatikana baada ya safari nne, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni lakini hukumu ipo, yasomeka. Kesi bado yaendelea na siwezi kusema itakwishaje. Ila sasa anaingia mahakamani na karatasi, si na "sote twajua."

Sisi ni umma ulioagizwa katika Suratul Baqara kuandika madeni yetu na kuweka mashahidi. Basi leo baada ya isha, keti na mkubwa wa nyumba yenu umuulize: tuliwahi kuwa na kesi gani, mwaka gani, na karatasi zake ziko wapi? Muulize angali anakumbuka.