Mzigo upite, mwenyewe abaki

Katika Soko la Kimataifa la Mazao Kibaigwa, wilayani Kongwa, mahindi hayanunuliwi kwa kutazama gunia. Mnunuzi huchoma bambo ubavuni, punje zikamiminika kiganjani. Huzinusa, kisha hutupia moja mdomoni na kuing'ata. Ikilia, mahindi yamekauka. Ikibonyea, bei inashuka au anahamia rundo jingine. Mchuuzi wa Kenya aliyepanda basi kupitia mpaka wa Namanga alikuja hasa kwa ajili ya hilo: kung'ata punje mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Mei 16, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliufunga mpaka wa nchi yake na Tanzania kwa abiria, sababu ikiwa korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, mradi dereva apimwe na aonekane hana maambukizi. Ukiisoma amri ile haraka, utadhani biashara haikuguswa. Kumbe mchuuzi wa basi ni abiria, na Mei ndio mwezi ambao mavuno mapya huanza kuingia Kibaigwa, kutoka Kongwa yenyewe na jirani zake wa Kiteto.

Na hata malori yalikwama. Kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa Desemba 2018 ili gari lisikaguliwe mara mbili. Sasa ikawa zamu ya dereva kupimwa mara mbili. Wapo waliokutwa na virusi Kenya, kisha Mkoa wa Arusha ukatangaza kwamba vipimo vya Tanzania havikuona kitu. Mikoa ya mpakani nayo ikayazuia malori ya Kenya. Mei 22 mawaziri wa nchi mbili walikubaliana: dereva apimwe kwao kabla ya kuondoka, na cheti kitumike siku 14.

Aliyebaki na kicheko, kwa maoni yangu, ni dalali. Siku zote alikuwepo, akidai chake kwa kila gunia, lakini mnunuzi alisimama pembeni yake na bambo mkononi. Mpaka ulipofungwa, dalali ndiye akawa jicho na jino la mtu aliye ng'ambo. Picha ya WhatsApp inaonyesha rangi ya punje, haionyeshi unyevu. Wala haisemi kama gunia limeshindiliwa lumbesa, kupita kipimo. Mwenye dalali wa miaka mingi alituma hela akalala usingizi. Mchuuzi mdogo, wa magunia kumi ndani ya Fuso la kuchangia, angemwamini nani?

Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ambayo haionekani kwa jicho wala haijulikani kwa jino. Siku tano baadaye yaliruhusiwa tena kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kuthibitisha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Dereva alikwishazoea kutembea na cheti. Sasa mahindi nayo yakadaiwa cheti chake.