Mchezaji Anapowaharibia Wenzake

Mchezo uitwao Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Bwana Gary Gygax na Bwana Dave Arneson. Si mchezo wa kumshinda mwenzako. Watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja na mtu wake wa hadithi: huyu askari, huyu mchawi, huyu mwizi. Mmoja wao ndiye kiongozi. Yeye husimulia habari za nchi ile na kusema kwa niaba ya maadui, na dadu huamua kama pigo limepata au limekosa. Basi mchezo wa namna hii husimama kwa kuelewana tu, na mtu mmoja aweza kuwaharibia wote jioni nzima.

Pengine ni yule ambaye kila wenzake wanapolala njiani, huwaibia mikoba. Akiulizwa hujibu, "Si mimi, ni mwizi wangu, ndiyo tabia yake." Jibu hilo halina maana. Mwizi yule hakujizaa. Aliyemtunga ameketi pale akicheka, naye aweza kumtunga upya, awe mwizi anayewapenda rafiki zake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1979, Dungeon Masters Guide, Gygax alishauri kwamba mkorofi aweza kupigwa na radi za samawati kutoka mbinguni, au mtu wake apunguziwe alama moja ya haiba. Yachekesha, lakini mimi siyakubali. Anayeumia ni mtu wa karatasi. Mwenyewe hukasirika, au hufurahi kwamba sasa wote wanamtazama yeye. Waliofundisha darasani wanaijua hali hiyo. Hata Gygax mwenyewe aliandika kwamba adhabu hizo zikihitajiwa kila mara hazifai kitu, na mwisho wake ni kumwondoa mtu.

Kabla ya kufika huko, mchezo usimame, chai inywewe, na kiongozi amwite pembeni. "Ndugu yangu, leo umewaibia wenzako mara tatu, na dada yule ameacha kusema kabisa. Wewe wapenda nini katika mchezo huu?" Kisha anyamaze, asikilize. Mara nyingi si ubaya: kijana ataka mapigano, na wenzake wamekaa saa nzima sokoni wakipatana bei ya punda! Hilo lina dawa. Kwa yule anayewakatiza wengine maneno, kiongozi na azunguke meza akimwuliza kila mmoja kwa jina.

Siku hizi wengi hukutana mara moja kabla ya kuanza, wakakubaliana kama kuibiana kunaruhusiwa, na mambo gani yasitajwe kabisa.

Asiyesikia baada ya hayo aambiwe waziwazi, faraghani, kwamba asije tena. Asiachwe agundue mwenyewe kwamba wenzake wanakutana bila yeye. Na mwizi wake asiuawe kwa kisasi. Yatosha kusema amebaki mjini, ana homa, na wengine wakaendelea na safari.