Mwewe, nondo na dawa isiyoua tena



Majuzi nilimtembelea mama mmoja anayefuga kuku wa kienyeji. Alikuwa na vifaranga 14, mwewe kabeba 6, karibu wote weupe. Waliobaki ni wa kahawia na wa madoadoa. Akaniambia, "Bwana shamba, hawa waliobaki wamejifunza kujificha."

Nikamwambia, hapana mama, hawajajifunza kitu. Rangi hiyo wamezaliwa nayo. Mweupe anaonekana kutoka juu, wa kahawia anafanana na udongo na majani makavu. Huyo akikua akataga, vifaranga wake wanaweza kurithi rangi yake.

Wataalamu wanaita jambo hili uteuzi asilia. Linahitaji vitu vitatu tu: wanyama wa jamii moja watofautiane, tofauti hizo zirithiwe, na wenye tofauti fulani waishi na kuzaa kuliko wenzao. Ndivyo wanyama wengi wa porini walivyopata rangi zinazofanana na mazingira yao, kizazi hadi kizazi.

Mfano wa nondo wa Uingereza

Kule Uingereza kuna nondo mweupe mwenye vidoa vyeusi. Mchana hutulia kwenye miti yenye mabaka meupe, na ndege hamwoni kirahisi. Mwaka 1848, karibu na Manchester, alirekodiwa mmoja mweusi kabisa. Wakati huo moshi wa viwanda ulikuwa unaipaka miti masizi. Sasa mweupe ndiye akawa anaonekana, mweusi akapona. Kufikia 1895, karibu nondo 98 kati ya 100 wa eneo lile walikuwa weusi!

Masizi hayakumpaka nondo rangi. Weusi walikuwepo tayari, ila wachache. Ndege waliwala weupe, weusi wakazaana. Na sheria ya hewa safi ilipopitishwa mwaka 1956, moshi ukapungua, miti ikarudi rangi yake, na weupe nao wakaongezeka tena. Mtafiti Michael Majerus alikaa miaka kadhaa Cambridge akihesabu nondo walioliwa na ndege, akathibitisha kwamba ndege ndio wachaguzi.

Sasa hili linakuhusu nini wewe?

Linakuhusu sana, kwa sababu wewe pia ni mwewe. Ukipulizia dawa moja ileile kwenye nyanya kila wiki, kantangaze wanaoweza kufa wanakufa. Wachache waliozaliwa na uwezo wa kuhimili wanabaki, wanazaana, na baada ya vizazi kadhaa shamba limejaa watoto wao. Unarudi dukani unalalamika umeuziwa dawa feki. Zipo feki, kweli, lakini mara nyingine umewachagua wadudu sugu kwa mkono wako mwenyewe.

Fanya hivi:

1. Badilisha kundi la dawa, siyo jina tu. Dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiambato kilekile. Soma lebo.
2. Tumia kipimo kilichoandikwa, usipunguze ili dawa itoshe.
3. Kagua shamba kwanza. Kama wadudu ni wachache, okota na uharibu majani yaliyoshambuliwa.
4. Ng'oa na teketeza masalia baada ya kuvuna.

Yule mama nilimshauri ajenge banda la wavu. Mwewe achague kwingine!

Tukutane shambani.