Usiutupe Mlango wa Mninga



Katika vijiji vyetu iko milango mingi ya mninga, mvule na mkongo. Mingine iliwekwa na wazee wetu. Imepigwa jua na mvua kwa miaka mingi. Sasa imekuwa ya kijivu, ina nyufa ndogo ndogo, na rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Mwenye nyumba akiutazama mlango wake husema, "Huu umekwisha." Basi anaung'oa ukawe kuni. Kisha anakwenda kununua mlango wa mbao laini. Mlango huo unang'aa siku ya kwanza, lakini mchwa wakifika hauna nguvu ya kushindana nao.

Hiyo ni hasara kwetu sote. Mninga haukomai kwa miaka 10 wala 20. Mti wa kutoa mbao za mlango huchukua maisha ya mtu mzima, pengine na zaidi. Tukichoma mlango mmoja, mti mwingine utakatwa.

Kumbe mara nyingi kilichokwisha ni ngozi tu, siyo mlango. Jua huharibu mbao kwa juu. Chini ya ule ukijivu, mbao bado nyekundu na ngumu. Huko Unguja, katika Mji Mkongwe, iko milango ya karne ya 19 ambayo hufunguliwa na kufungwa mpaka leo. Imedumu kwa sababu ni mbao ngumu na watu wameitunza.

TUUPIME KWANZA

Chukua kisu chenye ncha. Kichomeke kwenye mlango, hasa sehemu ya chini. Kikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, mbao imeoza. Kikikataa, mbao ni nzima. Ikiwa umeoza chini kidogo tu, fundi seremala anaweza kukata pale na kutia kipande kingine cha mbao ngumu.

VIFAA

Tunahitaji bisibisi, brashi, vitambaa, tapentaini, vanishi ya kutumia nje, na misasa.

Hebu geuza msasa utazame nyuma. Utaona namba. Hapa kisomo chetu kinatufaa. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo msasa mkali. Ni kinyume chake. Namba 80 ni mkali, unakwangua. Namba 120 ni wa katikati. Namba 220 ni laini, wa kumalizia. Anza na 80, kisha 120. Kila msasa unafuta mikwaruzo ya ule uliotangulia. Ukiruka mmoja, mikwaruzo itaonekana chini ya vanishi.

Na vanishi kiasi gani? Tupige hesabu. Mlango wenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 90 una mita za mraba 1.8. Pande mbili ni 3.6. Tukipaka mara 3, ni 10.8. Sasa soma kopo. Likisema lita 1 inatosha mita za mraba 12, basi nunua lita 1. Muuza duka asikwambie ununue 3.

KAZI YENYEWE

Chagua wakati wa kiangazi. Anza alfajiri, maana usiku hatuwezi kulala bila mlango.

Kwanza, fungua bawaba na kitasa. Weka skurubu zote ndani ya kopo zisipotee. Laza mlango juu ya magogo mawili, nje ya nyumba.

Pili, kama una rangi ya zamani, tahadhari sana. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto huharibu ubongo wake, naye hupata shida ya kujifunza. Mama mjamzito naye asikae karibu. Rangi hiyo usiichome moto wala kuisugua ikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, na ulowanishe mlango kila mara ili vumbi lisiruke. Tandika turubai chini. Takataka zote zifukie mbali na kisima, mbali na kuku. Nawa mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tatu, mlango ukisha kauka, piga msasa ule wa 80 na kisha 120. Fuata nyuzi za mbao, usikate kwa upande. Funga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Ukiona wekundu wa mbao umetokea kote, acha. Futa vumbi lote.

Nne, simamisha mlango utazame ukingo wake wa chini. Hapa ndipo siri ilipo. Watu wengi hupaka mbele na nyuma, lakini ule ukingo wa chini hawaugusi kwa kuwa hauonekani. Nyuzi za mbao zimefunguka pale kama mirija, nazo hunyonya maji ya mvua. Ndiyo maana milango mingi huanza kuoza chini. Changanya vanishi na tapentaini kidogo, upake pale. Ikinywewa yote, paka tena. Ukingo wa juu nao uupake vile vile.

Jioni rudisha mlango mahali pake. Kesho yake asubuhi ondoa kitasa tu, uupake mbele na nyuma ukiwa umesimama. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, wenye tapentaini kidogo. Acha ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Pitisha msasa wa 220 taratibu, futa vumbi, paka tena. Fanya hivyo mpaka mara 3.

MAMBO MAWILI YA KUJIHADHARI

Wako watu wanaopaka oili chafu ya gari ili kufukuza mchwa. Tusifanye hivyo. Oili hiyo ina sumu zinazoweza kuleta kansa, na mlango hushikwa na kila mtu nyumbani, watoto pia. Tena vanishi haitashika juu yake.

La pili ni vitambaa. Kitambaa kilicholowa vanishi au mafuta ya linsidi hutoa joto kinapokauka. Ukivirundika pamoja, joto linakosa pa kutokea, kama samadi inavyochemka ndani ya rundo. Mwishowe vinaweza kuwaka moto vyenyewe, bila kiberiti. Vianike kimoja kimoja nje, au vitie kwenye ndoo ya maji. Usiviache ndani ya nyumba, hasa yenye paa la nyasi.

TUSISUBIRI UKIJIVU

Kazi haiishi siku hiyo. Kila mwaka kabla ya masika, nyunyizia mlango maji. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, vanishi ingali nzima. Yakinywewa na mbao, pitisha msasa wa 220 na upake mkono mmoja. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, nayo haitakulazimu tena kukwangua mlango mzima.