Ndoo Inyweshayo Mnyanya

Si kila mtu aliye na shamba. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam nyumba zimesongamana, hata uani hapapatikani nafasi ya tuta moja. Walakini mahali penye upana wa hatua moja, jua likipapiga kwa muda wa saa 6 kila siku, mnyanya waweza kuzaa ndani ya ndoo.

Shida yake ni maji. Udongo wa ndoo ni kidogo, nao hukauka upesi kuliko udongo wa shamba. Mwenyewe huumwagilia sana leo, kesho husahau, kesho kutwa huumwagilia tena. Basi matunda hupasuka, au vitako vyake hugeuka vyeusi na kuoza. Watu husema, "Ni mdudu," lakini mara nyingi mdudu hayumo. Tunda lahitaji madini ya chokaa, nayo husafiri pamoja na maji kutoka mizizini. Maji yakikatika, madini hayo hayafiki kitakoni mwa tunda. Kwa hiyo mnyanya hautaki gharika ya siku moja; wataka maji ya kadiri kila siku.

Tazameni taa ya utambi. Mafuta yako chini, wala hapana mtu ayapandishaye. Hupanda yenyewe katika vinjia vyembamba vya utambi, na moto ukiyala, mengine hufuata. Maji nayo hufanya vivyo hivyo.

Twaeni ndoo mbili za lita 20. Katika ndoo ya chini wekeni mawe machache, ili ya juu isizame mpaka chini. Ya juu itoboeni kitako, mpitishe vitambaa viwili vya pamba vilivyosokotwa: nusu vikae udongoni, nusu vining'inie majini. Ya chini itoboeni tundu ubavuni, chini kidogo ya kitako cha ile ya juu, ili maji yaliyozidi yatoke na mizizi ipate hewa. Simamisheni bomba jembamba lipenye mpaka ndoo ya chini; hiyo ndiyo njia ya kutilia maji. Kisha jazeni udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza, mpande mche mmoja tu. Siku ya kwanza mwagilieni juu ya udongo, vitambaa vipate kulowa.

Neno moja msilisahau. Mbu aenezaye homa ya kidingapopo, iliyowapata watu wengi wa Dar es Salaam mwaka 2014, hutaga mayai katika vyombo vya maji yaliyotulia, na kwa muda wa juma moja hivi mbu wapya huweza kuruka. Basi fungeni mdomo wa bomba, zibeni tundu kwa kipande cha chandarua, na mwanya ulio kati ya ndoo ufungeni kwa kitambaa.

Anunuaye maji kwa ndoo atapata faida, maana hayapotei ardhini. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Mnyanya nao hunywa haba na haba, hata kikapu kikajaa.