Somo la fasihi katika bonde la Oruchinga

Bonde la Oruchinga liko kusini ya Mbarara, katika vilima vya Isingiro, si mbali na mpaka wa Tanzania. Hapa, na katika makazi ya jirani ya Nakivale, wakimbizi wamekuwa wakipokewa tangu Wanyarwanda walipoanza kuvuka baada ya machafuko ya mwaka 1959. Kisha wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wengi wetu tuvaao sare tunapajua mahali hapa kwa doria, kwa foleni za chakula, na kwa kesi za ng'ombe walioingia shamba la mtu. Mimi nilikuwa nimetumwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari juu ya uhusiano wa jeshi na raia. Nilifika mapema kuliko nilivyotarajiwa, na mwalimu wa fasihi, mtu mwembamba mwenye chaki sikioni, akanikaribisha ndani. "Afande, keti pale nyuma," alisema. "Hotuba yako itangoja kengele."

Ubaoni palikuwa na neno moja tu: UFILIPINO. Nakiri kwamba kwanza nilidhani ni Waraka wa Mtume Paulo kwa Wafilipi. Kumbe ni vile visiwa vya Asia ya mashariki, na nikajiuliza visiwa hivyo vina habari gani na watoto wa Oruchinga.

Mwalimu hakuanza na visiwa. Alianza na madawati. Aliwauliza wanafunzi: nani ambaye babu yake alisoma kitabu chake cha kwanza kwa Kifaransa? Ikainuka mikono ya watoto wa Kivu na Burundi. Nani ambaye babu yake alianza kwa Kiingereza? Ikainuka mingine. Na nani ambaye babu yake alianza kwa lugha ya mama yake? Hapo mikono ilisitasita, kisha ikainuka michache. "Basi," alisema, "ninyi mliotawaliwa na watu mbalimbali mmekutana katika dawati moja. Tusome sasa habari za nchi ambayo watawala mbalimbali waliijia kwa zamu."

Hispania ilianza kuitawala Ufilipino mwaka 1565 na haikuondoka hadi 1898. Katika miaka ya mwisho ya utawala huo alitokea daktari wa macho aitwaye José Rizal, aliyezaliwa mwaka 1861, akaandika riwaya mbili za kufichua maovu ya watawala na mapadri: Noli Me Tangere, iliyochapwa Berlin mwaka 1887, na El Filibusterismo, iliyochapwa Ghent mwaka 1891. Riwaya za Mfilipino juu ya Wafilipino, zilizochapwa Ulaya kwa Kihispania, lugha ambayo wananchi wenzake walio wengi hawakuijua. Msichana mmoja aliuliza kwa nini hakuandika lugha ya kwao. Mwalimu akajibu kwamba Kihispania ndicho alichosomeshwa, na ndicho walichokisoma wale aliotaka waone haya. Mtu akimshtaki mtu barazani, alisema, husema lugha ya baraza.

Tarehe 30 Desemba 1896 Rizal alipigwa risasi mjini Manila. Waliopangwa mstari kumlenga walikuwa askari Wafilipino wa jeshi la Hispania, na nyuma yao walisimamishwa askari wa Kihispania, bunduki tayari, ili asiwepo wa kukataa amri. Mwalimu aliitaja habari hiyo kwa sentensi moja akaendelea. Mimi sikuweza kuendelea naye. Niliwafikiria wale askari wa mstari wa mbele, ambao majina yao hayamo katika riwaya yoyote, na pengine hawakuweza kusoma hata ukurasa mmoja wa mtu waliyekuwa wakimlenga, maana lugha yake hawakusomeshwa. Babu zetu waliovaa kaputula za King's African Rifles wangeielewa hali ile mara moja.

Mwaka 1898 Hispania ilishindwa vita na Marekani, na visiwa vikabadili mwenyewe kwa mkataba, pamoja na malipo ya dola milioni 20. Mwaka 1901 iliwasili meli iitwayo Thomas ikiwa na walimu wa Kimarekani wapatao mia tano, na Kiingereza kikawa lugha ya shule. Haukupita muda mrefu Wafilipino wakawa wanaandika hadithi kwa Kiingereza. Ile ya Paz Márquez Benítez, Dead Stars, ilitoka mwaka 1925. Wengine hawakuiacha Kitagalogi: Lope K. Santos alitoa riwaya yake Banaag at Sikat mwaka 1906. Lakini Kihispania kilififia. Nchi ilipata uhuru mwaka 1946, na mwaka 1956 ikapitisha sheria kwamba kila mwanafunzi asome riwaya za Rizal. Huzisoma kwa tafsiri. Shujaa wa taifa amekuwa mgeni wa kutafsiriwa nyumbani kwake, bila yeye kubadili hata neno moja.

Hapo mvulana mmoja Mnyarwanda aliinua mkono akasema kwamba hata kwao ni hivyo. Alikuwa na haki. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba masomo yahamishwe kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na leo zimo nyumba ambazo vitabu vya baba rafuni havifunguliwi na mwana. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya, kwani serikali huwa na sababu zake. Nasema tu kwamba darasa zima lilielewa Manila ni wapi.

Ndugu msomaji, mambo haya hayakuwa ya mbali hata kwetu Uganda. Mwezi Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wetu, ulifanyika Makerere mkutano wa waandishi wa Kiafrika waandikao kwa Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe na Wole Soyinka, na kijana mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi. Shaaban Robert hakuwamo, maana mlango wa mkutano ulikuwa Kiingereza naye alitunga kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huo huo. Okot p'Bitek wetu alianza kwa Kiacholi, akatoa Lak Tar mwaka 1953. Ule utungo wake mashuhuri juu ya Lawino aliutunga kwanza kwa Kiacholi, lakini dunia iliupata kwa Kiingereza mwaka 1966, na Waacholi wakachapiwa wa kwao mwaka 1969. Mwalimu aliiandika miaka hiyo miwili ubaoni, akaizungushia duara, wala hakueleza zaidi.

Kisha akageukia ardhi tuliyoikalia. Zamani za ufalme wa Nkore, shujaa wa Kihima alijitungia ekyevugo. Husimama mbele ya watu akajitaja kwa majina ya sifa, "mimi niliye hivi, mimi nisiye vile," akasimulia mapigano na utekaji wa ng'ombe kwa mbio za maneno ambazo mgeni hazifuati. Mwaka 1901 Omugabe Kahaya alitia sahihi mkataba na Waingereza, na kwa utawala huo vita vya kutekana ng'ombe vikazimwa. Amani ilikuja, nayo si jambo la kulalamikiwa na askari. Lakini ile kazi iliyozaa tungo ilikoma. Katika makanisa na shule za mwanzo za Ankole kilitumika sana Kiganda, na Biblia kamili ya Kinyankore-Kikiga haikupatikana mpaka mwaka 1964. Mwaka huo huo Mwingereza H. F. Morris alichapisha ebyevugo alizozikusanya, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hivi leo mjukuu akitaka kusoma sifa za babu yake, huenda akaelekezwa kwenye kitabu cha Oxford.

Mwalimu aliongeza neno nililolipenda, kwa kuwa lilihitaji ujasiri. Alisema wasidhani kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokuwapo chote. Abagabe b'Ankole, kitabu cha Katate na Kamugungunu cha mwaka 1955, ni historia ya wafalme. Wakusanyaji walipenda wafalme na wenye ng'ombe. Hadithi za Bairu waliolima ulezi ziliachwa mekoni, na nyingine zimekufa huko na bibi waliozijua.

Akaandika maneno matatu kwa safu: ekyevugo, icyivugo, icivugo. Kinyankore, Kinyarwanda, Kirundi. Watoto walicheka kwa mshangao. Neno moja lenye kuvaa nguo tatu, na kati ya nguo na nguo kuna mpaka. Ule wa kusini ya bonde hili ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890.

Msichana wa Kivu aligeuka akanitazama. "Na Kiswahili, Afande? Chenyewe ni cha nani?"

Swali hilo linatuhusu sisi kuliko darasa lile. Kiswahili kiliingia makambini mwetu na askari wa mkoloni. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka kipanuliwe katika shule na utawala, akapingwa na Buganda na wamisionari, na mwishowe kikabakia hasa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, tangazo ambalo halikukipatia marafiki. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekiingiza darasani. Lakini karatasi hukimbia kuliko moyo. Nilipotoka chuo cha ukadeti mara ya kwanza nilimsalimu bibi yangu kwa Kiswahili, kwa majivuno ya ujana. Alinyamaza. Kisha akaniomba, kwa upole, humo ndani niseme Kinyankore. Alikuwa amekisikia Kiswahili katika vizuizi vya barabara, usiku, miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Nilimweleza msichana yule hayo, maana sikuwa na jibu jingine. Akasema kwamba kwao Bukavu mama yake alimbembelezea usingizi kwa Kiswahili. Tukabaki hivyo, kila mmoja na Kiswahili chake.

Zilisalia dakika chache. Mwalimu aliwapa zoezi: kila mmoja ajitungie ekyevugo chake, kwa lugha aitakayo, mistari mitano tu. Kalamu zilianza kukimbia, isipokuwa ya mvulana mmoja Mrundi karibu nami. Alipoulizwa akasimama. "Mwalimu, hawa mashujaa wanajisifu kwamba hawakukimbia. Mimi nilikimbia. Nitajisifu nini?"

Darasa lilinyamaza. Mwalimu, badala ya kujibu, alinielekezea chaki yake. "Afande, hilo ni la fani yako."

Nilisimama. Nikamwambia kwamba katika ukadeti tulifundishwa kurudi nyuma kwa bidii ile ile tuliyofundishwa kushambulia, na kwamba kiongozi arudiye huulizwa swali moja kabla ya maji ya kunywa: umerudi na nani?

Aliketi akaandika. Kengele ililia, wala hakuna aliyenyanyuka. Aliposomewa zamu yake alisimama wima kama kuruta wa gwaride, akajitaja kwa Kiswahili cha Kirundi-Kirundi kuwa ni Nisiyeachia-Mkono. Akataja mto, akataja giza, akataja mdogo wake wa kike na umri wake, miaka minne. Alisoma mbio, kwa pumzi moja, kama alivyosikia kwamba ndivyo isomwavyo. Wenzake wakaitikia kwa pamoja, Wanyankore na Wakongo na Wanyarwanda, na mwalimu akafuta ubao.

Hotuba yangu niliifupisha.